Kutoka Excel hadi ukurasani: safari ndefu ya jedwali

Juzi kijana mmoja ninayemsaidia kujifunza kazi ya programu aliniuliza, "Kaka, nikitaka kuingiza jedwali la Excel kwenye InDesign, nifanye aje?" Nilimjibu kwa dakika mbili: fungua menyu ya faili, chagua amri ya kuweka, tafuta faili yako, bonyeza. Akashukuru akaenda. Mimi nikabaki nikiwaza, kwa sababu swali hilo hilo lilinitia aibu mwaka 2007, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia yake. Leo nataka tuipitie pamoja. Si ndefu sana, na ukiimaliza utajua kwa nini vile vibonyezo viko jinsi vilivyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia mambo yanayotokea daftari lipo na limeandikwa vizuri, lakini likahamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine. Hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Mwanzoni mwa 2007 nilikuwa nazungukia maduka ya uchapishaji mjini Nairobi nikiunganisha tarakilishi zao. Asubuhi moja mwenye duka mmojawapo alinipigia simu. "Kijana wangu, njoo haraka. Hizi mashine zako zimeniaibisha." Nilipofika nikakuta makaratasi yamejaa mezani. Walikuwa wamechapisha kijitabu cha sacco moja kwa ajili ya mkutano mkuu wa mwaka: taarifa za mikopo, safu kwa safu, nambari ya uanachama, salio, na tarehe ya kumaliza kulipa. Kazi ilikuwa safi. Mistari imenyooka, tarakimu zimepangana kama askari wa gwaride.

Karani wa sacco, mama wa makamo, alikuwa amekuja kuchukua nakala za kwanza. Hakuangalia mistari. Alitafuta nambari yake mwenyewe, akaweka kidole, akaniita. "Mwanangu, mkopo wangu unaisha tarehe 30 Juni mwaka huu. Hapa mmeandika tarehe 1 Julai 2011. Hii miaka minne nani atailipa?"

Tulikagua mstari wa pili, wa tatu, wa ishirini. Kila tarehe ilikuwa imesogea mbele kwa miaka minne na siku moja. Mzee alikuwa ametumia karatasi zake, wino wake na usiku wake mzima. Na hakuna mtu aliyekosea kupiga chapa, kwa sababu hakuna mtu aliyepiga chapa. Nambari ziliingia zenyewe.

Nitawaambia baadaye kosa lilitoka wapi. Kwanza turudi nyuma.

Zamani za herufi za risasi, kila tarakimu kwenye jedwali ilikuwa kipande kidogo cha chuma kilichookotwa kwa mkono. Mafundi walijua kwamba jedwali ni kazi ngumu kuliko hadithi. Kule London katika karne ya 19, viwango vya malipo ya wapanga herufi vilitambua jambo hilo: jedwali lenye safu nyingi lililipwa hadi maradufu ya maandishi ya kawaida. Tarakimu zote zilitengenezwa kwa upana mmoja, ili 1 ichukue nafasi sawa na 8 na safu zisipinde. Shikeni hilo la upana, litarudi.

Mwaka 1821, Charles Babbage na rafiki yake John Herschel walikaa wakikagua majedwali ya hesabu za unajimu yaliyokokotolewa kwa mkono. Makosa yalikuwa mengi mno, na Babbage akatamani kazi ile ingefanywa na mvuke. Hapo ndipo lilipochipuka wazo la mashine yake ya kukokotoa. Wengi tunakumbuka sehemu ya kukokotoa tu. Lakini Babbage alijua kwamba jibu sahihi likishatoka bado mtu atalinakili, mwingine atalipanga kwa herufi, na makosa yataingia hapo. Kwa hiyo alibuni mashine iliyogandamiza matokeo yenyewe kwenye bamba laini, ili bamba hilo litumike kutengenezea chapa. Mkono wa binadamu usiingie kati. Hakuimaliza maishani mwake. Makumbusho ya Sayansi ya London yalijenga mashine yake ya pili kwa kufuata michoro yake: sehemu ya kukokotoa ikakamilika mwaka 1991, na sehemu ya kuchapa mwaka 2002.

Kwa hiyo tatizo la kijana wangu si geni. Ni la miaka mia mbili: nambari imepatikana, sasa itafikaje kwenye karatasi bila kuguswa?

Tuje kwenye kibodi yako. Tazama kushoto, juu ya kitufe cha herufi kubwa. Kitufe cha Tab. Wengi wanakitumia kurukia kisanduku kinachofuata kwenye fomu, na wengine wanakiita tabu, jambo ambalo si kosa sana. Jina lake ni kifupi cha neno lenye maana ya kupanga majedwali. Kilitoka kwenye taipureta: karani aliweka vituo, akabonyeza, na gari la taipureta likaruka hadi kituo kinachofuata, safu zikanyooka. Kanuni ya herufi za tarakilishi ya ASCII ilipotangazwa mwaka 1963, kitufe hicho kilipewa nambari yake, 9, na bado anayo. Ukinakili seli za Excel leo ukazibandika kwenye kihariri cha kawaida cha maandishi, kati ya seli na seli utapata herufi nambari 9. Taipureta zimekufa, kituo chake kinaishi.

Katikati ya miaka ya 1970, Mike Lesk wa Bell Labs kule Marekani aliandika programu iliyoitwa tbl. Ilipokea maandishi yaliyotenganishwa kwa Tab, pamoja na mstari mmoja au miwili ya kueleza sura inayotakiwa: safu hii ielekee kushoto, hii ipange nambari kwa nukta ya desimali. Ikatoa jedwali tayari kwa kupigwa chapa. Ilisambaa na Unix toleo la 7 la mwaka 1979. Tazameni jinsi Lesk alivyotenganisha mambo mawili: data huku, sura kule. Data ikibadilika, unaendesha programu tena na jedwali linajipanga upya. Sisi wa programu tukiitazama leo tunasema hapo palikuwa na akili. Ila ilihitaji mtu anayejua kuandika amri, na wahasibu wengi hawakuwa watu wa amri.

Wahasibu walipata chao mwaka huo huo wa 1979. Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard, pamoja na Bob Frankston, walitoa VisiCalc kwa ajili ya Apple II. Hili ndilo lahajedwali la kwanza la tarakilishi ndogo lililoenea. Badili nambari moja, jumla zote zinabadilika mbele ya macho yako. Watu walinunua tarakilishi kwa sababu ya programu hiyo moja. Na mara tu lahajedwali lilipozaliwa, watu walitaka kutoa nambari humo wazipeleke kwingine. Waundaji wa VisiCalc wakabuni muundo wa faili ulioitwa DIF. Ulibeba thamani tu, si fomula. Yaani ulikuwa picha ya hesabu ilivyokuwa dakika hiyo.

Baadaye kila kampuni ikaja na lugha yake. Microsoft walikuwa na lahajedwali lililoitwa Multiplan, na muundo wake SYLK, ambao faili yake huanza na herufi mbili: ID. Lotus 1-2-3 ikatoka mwaka 1983 na kutawala IBM PC. Excel ikatoka mwaka 1985 kwenye Macintosh, kisha mwaka 1987 kwenye Windows. Na SYLK iliacha mzimu nyuma yake. Kwa miaka mingi, ukitengeneza faili ya orodha ya watu, na safu ya kwanza ukaipa kichwa ID kwa herufi kubwa, Excel ilishtuka ikidhani imepewa faili ya SYLK iliyoharibika. Ni orodha ngapi hapa Kenya zinazoanza na nambari ya kitambulisho? Dawa ilikuwa kuandika kichwa kwa herufi ndogo. Nimewahi kulipwa kwa kubadili herufi mbili tu.

Sasa upande wa pili wa mto. Mwaka 1985 vitu vitatu vilikutana: Macintosh, printa ya LaserWriter ya Apple iliyoelewa lugha ya PostScript ya Adobe, na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, iliyoongozwa na Paul Brainerd kule Seattle. Printa iliuzwa karibu dola 7,000, na PageMaker dola 495. Hiyo ni pesa nyingi, lakini ilikuwa ndogo ukilinganisha na mitambo ya kupanga herufi ya wakati ule. Uchapishaji wa mezani ukazaliwa. QuarkXPress ikafuata mwaka 1987.

Mnaona? Excel na PageMaker zimezaliwa mwaka mmoja, kwenye tarakilishi moja. Ungedhani zingeelewana kama pacha. Lakini PageMaker ya kwanza haikujua jedwali ni nini. Ilijua makala, safu za gazeti, picha. Jedwali kwake lilikuwa maandishi yenye Tab katikati. Mwaka 1990 PageMaker 4 ilikuja na kihariri cha majedwali, lakini kilikuwa programu ya pembeni: unatengeneza jedwali huko, kisha unalileta ukurasani kama picha. QuarkXPress ilikaa hadi toleo la 5, mwaka 2002, ndipo ikapata majedwali ya kweli. InDesign, iliyotoka mwaka 1999 baada ya Adobe kuinunua Aldus mwaka 1994, nayo ilipata majedwali katika toleo la 2, mwaka huo huo wa 2002. Hesabu mwenyewe. Kutoka 1985 hadi 2002 ni miaka 17.

Katika miaka hiyo 17 mafundi walifanya nini? Walihifadhi lahajedwali kama maandishi yenye Tab, wakayaleta ukurasani, wakaweka vituo kwa mkono kama karani wa taipureta. Waliopokea kazi kutoka Lotus 1-2-3 walikuwa na taabu zaidi. Lotus iliweza kuchapa kwenye faili ya aina ya PRN, na safu humo zilinyooshwa kwa nafasi tupu. Kwenye skrini ya DOS, ambapo kila herufi ina upana mmoja, jedwali lilipendeza. Likifika PageMaker na kuvishwa herufi za kisasa, ambapo i ni nyembamba na m ni pana, safu zote zililewa. Ndiyo hiyo habari ya upana niliyowaambia mshike. Fundi wa risasi aliijua, ila nafasi tupu za Lotus hazikuijua.

Sasa naweza kuwaambia kosa letu la 2007 lilitoka wapi.

Ndani ya Excel, tarehe si tarehe. Ni idadi ya siku. Tarehe 30 Juni 2007 imehifadhiwa kama 39263, na sura ya tarehe ni vazi tu. Excel ya Windows huhesabu kuanzia mwanzo wa mwaka 1900. Tena ilirithi kosa la Lotus 1-2-3 la kudhani kwamba 1900 ulikuwa mwaka mrefu wenye tarehe 29 Februari. Microsoft waliliacha makusudi ili faili za Lotus zisivurugike. Excel ya Macintosh kwa miaka mingi ilihesabu kuanzia mwaka 1904, ikiliruka kosa hilo. Tofauti kati ya mihesabu hiyo miwili ni siku 1,462: miaka minne na siku moja.

Mhasibu wa sacco alitumia Windows. Mpanga kurasa wa duka alitumia Macintosh. Ukifungua faili nzima hakuna shida, kwa sababu faili yenyewe imeandikwa ndani yake inahesabu kuanzia lini. Lakini kijana wa duka alitaka safu chache tu, kwa hiyo alinakili seli akazibandika kwenye kitabu kipya. Kilichovuka ni 39263 bila maelezo. Kitabu kipya kikaivalisha vazi lake: 1 Julai 2011. Kutoka hapo ikaingia kwenye programu ya kupanga kurasa kama maandishi, na maandishi hayana kumbukumbu. Kuanzia dakika hiyo hakuna mashine ambayo ingeweza kujua kwamba kuna kosa. (Excel ya Mac ilihamia hesabu ya 1900 kuanzia toleo la 2011, lakini faili za zamani bado zinatembea mitaani.)

Hilo ndilo somo nililolipata. Lahajedwali hubeba thamani, ukurasa hubeba sura. Kuingiza jedwali ni kutafsiri thamani kuwa sura, na katika tafsiri hiyo mtu mmoja hupotea: yule aliyekuwa akisoma nambari moja moja wakati anazipiga chapa. Babbage alitaka kuuondoa mkono, na alikuwa na haki, kwa sababu mkono hukosea. Lakini mkono ule ulikuja na jicho. Tulipoondoa kimoja tuliondoa vyote viwili. Mkono hukosea mstari mmoja. Mashine ikikosea, inakosea safu nzima, tena kwa unadhifu.

Wengine walijaribu njia ya kiungo: usinakili, unganisha. Mwaka 1991 Apple, katika System 7, walileta mpango wa kuchapisha na kujiandikisha: lahajedwali linatoa toleo, ukurasa unalifuatilia, na data ikibadilika ukurasa unasasishwa. Microsoft nao walikuwa na OLE. Wazo zuri, lakini tafsiri ya sura iliendelea kusumbua. Hadi kwenye InDesign, ukiwasha viungo vya lahajedwali na kusasisha, mapambo uliyoyaweka kwa mkono yanaweza kufutika. Toleo la CS3 la mwaka 2007 lilileta mitindo ya majedwali na seli, ili kuyarudisha kuwe kazi ya kubonyeza mara chache. Kwa maneno mengine, walirudi kwa Lesk: data huku, sura kule.

Na kama mnadhani haya ni mambo ya wachapaji tu, sikilizeni. Mwaka 2020 wanasayansi wa jenetiki walibadilisha majina rasmi ya baadhi ya jeni za binadamu, mojawapo ikiwa SEPT1, kwa sababu Excel iliyageuza kuwa tarehe za Septemba. Tatizo lilikuwa limeandikwa kwenye jarida tangu 2004. Microsoft waliweka chaguo la kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023. Mwaka huo wa 2020 pia, kule Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya hesabu ya kila siku, kwa kuwa data ya maabara iliingizwa kwenye muundo wa zamani wa Excel usiozidi mistari 65,536. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Faili ilijaa, na ikanyamaza.

Hapa kwetu mzimu unaojulikana ni sufuri. Fungua faili ya CSV yenye nambari za simu zinazoanza na 07, Excel inaziona kama hesabu na kuila sufuri ya mbele. CSV yenyewe ilitumika miaka mingi kabla ya kuandikiwa maelezo ya pamoja, RFC 4180 ya mwaka 2005. Hata hivyo Mjerumani anayetumia mkato kama alama ya desimali atakutumia faili iliyotenganishwa kwa nukta mkato.

Kwa wale wasio na pesa za Adobe, Scribus ni ya bure na ina njia ya kuleta CSV kuwa jedwali. Na kwa wapenzi wa Kiswahili, kumbukeni kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, lahajedwali likiwemo.

Haya, ushauri wangu kwa yule kijana, na kwako. Moja, usinakili vipande. Leta faili nzima kisha uchague seli unazotaka. Mbili, kabla ya kutuma, geuza tarehe, nambari za simu na vitambulisho kuwa maandishi, ili zisivalishwe nguo nyingine njiani. Tatu, andika jumla ya kila safu na idadi ya mistari kwenye karatasi, kisha uhesabu tena upande wa pili. Nne, mpe nakala ya kusahihisha mtu ambaye nambari hizo ni zake.

Hiyo ya nne ndiyo iliyotuokoa. Mzee alichapisha upya, nusu ya gharama nikailipa mimi kwa awamu, na mkutano ukafanyika kwa siku yake. Yule mama karani alipokuja kuchukua kazi ya pili hakutusalimia kwanza. Alitoa penseli, akafungua kijitabu, akatafuta nambari yake. Halafu akatafuta ya jirani yake. Alipita hivyo kurasa zote, sisi tumesimama, chai inapoa.

Tukutane tena wakati ujao. Kama nawe umewahi kuliwa sufuri au kuongezewa miaka, niandikie unisimulie.